Bungua Kwenye Gunia la Agnesi

Basi lilipoiacha barabara kuu pale Himo na kuanza kupanda, Mauza alifunga kioo akidhani baridi itabaki nje. Haikubaki. Kulikuwa kunapambazuka, na mbele yao gari dogo lililobeba jeneza la Agnesi lilipepesa taa zake kila kona, likipotea kwenye ukungu nyuma ya migomba na kuonekana tena juu zaidi. Mauza alizaliwa nyuma ya Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, na safari zake za kaskazini zilikuwa zimekomea Korogwe kwa shangazi yake. Hakujua kwamba nchi inaweza kusimama wima namna hii, wala kwamba watu wanalima mahali ambapo yeye angeogopa hata kukaa.

Walishuka mahali fulani juu ya Mkuu, Rombo, kwenye njia nyembamba yenye mfereji wa maji pembeni. Buibui lake lilikuwa jepesi, la kwenda sokoni. Wanawake wa pale walikuja kuwapokea wageni wa Dar es Salaam mmoja mmoja, wakiwashika mikono na kulia kidogo na kila mmoja, na zamu yake ilipofika mama mmoja mnene alimtazama usoni, akatazama buibui, akatazama tena usoni.

"Wewe ni nani wake?"

"Jirani wa stoo," Mauza alisema.

Yule mama alitafsiri kwa Kichaga. Wenzake walijadiliana. Kisha sauti ya mzee mmoja ikatoka kwenye kundi la wanaume, kwa Kiswahili ili kila mtu asikie: "Mpeni sweta huyo Mwarabu kabla hatujawa na misiba miwili." Watu wakacheka, kwa namna watu wanavyocheka msibani, mikono ikiwa mdomoni, na sweta la kiume lenye harufu ya moshi likamwangukia mabegani. Baadaye walimletea sahani ya ndizi na nyama, na yule mama mnene akamwinamia sikioni: mbuzi kachinjwa na Muislamu wa dukani pale chini, ale bila wasiwasi. Mauza, ambaye alikuwa hajalia tangu Dar es Salaam, alilia hapo, juu ya sahani.

Walimzika Agnesi kati ya migomba, hatua chache kutoka nyumba ambayo yeye na mumewe walikuwa wakiijenga Krismasi kwa Krismasi na ambayo bado haikuwa na dari. Anaeli alisimama kichwani mwa kaburi, mrefu, suti ikimpwaya, mwanawe Allan akiwa amemshika kiwiko. Hakulia. Mikono yake aliikutanisha mbele, kidole gumba juu ya kidole gumba, akibana hewa. Wengine labda walidhani anasali. Mauza alijua mikono ile inafanya nini. Ilikuwa imeshika mdomo wa gunia.

Kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kwa miaka yote waliyokuwa pamoja sokoni. Agnesi alinunua, Agnesi alipatana bei, Agnesi alikaa kwenye kigoda na ungo mapajani akichagua maharage na kunde mpaka zikawa hazina jiwe wala ganda. Gunia likijaa, Anaeli alikutanisha kingo zake mbili na kuzibana, na Agnesi akapitisha shazia, ile sindano ndefu ya magunia, akivuta kamba ya katani kwa nguvu za mkono mzima. Mara nyingine shazia ilimpata Anaeli kwenye dole gumba. "Ondoa kidole, Baba Allan." "Ndicho kinachoshika." "Basi usipige kelele." Vidole gumba vyake vyote viwili vilikuwa na vidoti vya makovu, na Agnesi aliwaambia wateja kwamba hiyo ndiyo pete aliyomvisha.

Kila mfanyabiashara wa nafaka Kariakoo ana mshono wake. Ubeid wa mchele anashona kama anayekimbizwa, mruko mrefu mruko mfupi. Mauza mwenyewe hufunga masikio mawili na kupitisha kamba katikati. Mshono wa Agnesi ulikuwa wa vitanzi vinavyoingiana, vimebanana kama msuko wa nywele, na wachukuzi walikuwa wakiona gunia limelala kwenye guta katika msongamano wa Mtaa wa Swahili wakasema, bila kuuliza, hilo la Mama Allan.

Anaeli hakutaja mzigo waliouacha stoo Dar es Salaam siku ile ya mazishi, na Mauza hakumuuliza. Mtu haulizi habari za kunde mbele ya kaburi. Basi la waombolezaji liliondoka kesho yake bila Anaeli. Ukoo ulikuwa umeamua abaki kwanza.

Stoo yenyewe iko Gerezani, nyuma ya karakana za vipuri, chumba kimoja kirefu cha matofali chenye paa la bati, na pembeni yake jengo la ghorofa moja lenye dari tambarare ya zege ambako wanaruhusiwa kuanika. Walikuwa wamegawana watatu: Ubeid na mchele wake karibu na mlango, Mauza na choroko na mbaazi katikati, Anaeli na Agnesi na maharage na kunde zao ukutani kabisa. Kwa miaka yote hiyo hapakuwa na ukuta kati yao. Ijumaa adhuhuri Agnesi aliangalia meza ya Mauza. Jumapili asubuhi Mauza aliangalia ya Agnesi. Jua likiwa kali, aliyekuwepo alipandisha magunia ya wote juu ya dari, akayamwaga kwenye turubai, akayageuza kwa mkono mpaka yakawa hayashikiki kwa moto. Agnesi hakutaka vidonge vya dawa ya wadudu katika stoo. Alisema jua halina sumu na halikopeshi.

Mauza aliporudi kutoka Rombo alikwenda stoo moja kwa moja, sweta la watu bado liko begani. Mambo yalikuwa kama Agnesi alivyoyaacha jioni ile kabla presha haijamwangusha nyumbani. Magunia kadhaa ya maharage. Na mbele yake, peke yake, gunia moja la katani la kunde, la mwisho, alilolichagua siku nzima na kulishona jioni, mdomo umesimama wima.

Alitoa kanga yake nyeusi, akaifunga toka msumari mmoja ukutani mpaka mwingine, mbele ya mzigo ule wote.

"Hii nini sasa?" Ubeid aliuliza. Alikuwa mtu mpana mwenye sauti ya kuuzia mchele, na hata akinong'ona alisikika barabarani.

"Hakiguswi kitu hapa mpaka mwenyewe arudi."

"Bi Mauza. Hili joto lote?"

"Mpaka mwenyewe arudi. Arobaini ikishapita."

"Arobaini? Mangi ni Mlutheri." Mangi ndivyo alivyomwita Anaeli, kama Mchaga yeyote sokoni.

"Kufiwa ni kufiwa."

"Wallahi kunde hazikai eda, Bi Mauza," Ubeid alisema. "Mzigo unataka jua. Agnesi mwenyewe angekwambia."

Alikuwa na haki, na Mauza alijua, lakini kuna jambo lilikuwa limemkaa tangu utotoni. Baba yake alipofariki, ami yake Abdulatif alifungua duka siku ya tatu, akapanga upya mitungi ya samli, akafagia, akauza. Alifanya kwa wema. Mama yake Mauza hakunywa tena hata chai mkononi mwa mtu yule mpaka naye anaingia kaburini. Kugusa mali ya mfiwa kabla machozi hayajakauka, kwao, ilikuwa sawa na kumwambia kwamba maiti wake ameshasahauliwa. Heshima hiyo ndiyo aliyokuwa nayo ya kumpa Anaeli, na alimpa yote.

Ubeid aliinua mikono. Kwa mfiwa, hata yeye hakubishana zaidi.

Ulikuwa mwezi wa joto lile la kabla ya masika, bati likitoa mlio mchana kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Wiki zikapita. Mauza alifika, akauza, akapandisha magunia yake mwenyewe juani na kuyashusha, akaipita kanga nyeusi bila kuinua pindo lake.

Mdudu wa kwanza alimwona juu ya kitambaa cheupe cha meza. Alikuwa mdogo kuliko punje ya mchele, kahawia yenye wekundu, na mgongoni ana madoa meusi na majivu yaliyopangwa vizuri, kama kipande cha kanga ambacho mtu amekichora kwa sindano. Mabawa yake magumu yalikuwa mafupi kuliko mwili. Nyuma yalikomea njiani, ncha ya tumbo ikabaki wazi, mfano wa mwanamume aliyevaa koti la mdogo wake. Kichwa amekiinamisha. Mauza alimgusa kwa ukucha, naye akakunja miguu yake yote akaanguka ubavu, akafa. Baada ya kitambo kidogo akafufuka, akaendelea na safari.

Wengine humwita fukusi, wengine bungua. Kariakoo watu husema tu "wadudu", kwa wingi, kwa kuwa hajawahi kuja mmoja. Hana nchi. Kila bandari iliyowahi kupakua kunde na choroko imempakua na yeye, kutoka huku kwetu mpaka Bara Hindi, mpaka Brazili, na kila lugha imempa jina baya na kumwachia alichoshika. Jike hubandika yai juu ya punje, doa jeupe dogo kama tone la chokaa. Kinachozaliwa hutoboa chini yake moja kwa moja kuingia ndani, na humo hula, hunenepa, hubadilika, bila punje kuonyesha lolote kwa nje. Akikaribia kutoka huchonga dirisha la duara, akaliacha na ngozi nyembamba; siku yake ikifika anasukuma kifuniko na kutoka akiwa mzima, na madoa yake tayari. Na akishatoka, hali kitu. Anaishi siku zake chache kwa alichokula gizani, anapanda, anataga, anakauka. Ukiona bungua anatembea, ujue shibe yake ameimaliza zamani, mahali ambapo hukuwa unatazama.

"Bi Mauza, shikamoo."

"Marahaba, Nasreen."

Nasreen alikuwa anauza bajia za choroko Upanga, na alipenda kununua asubuhi. Alichota choroko kiganjani, akazipuliza. Halafu akamwonyesha wawili wanaotembea kwenye mstari wa mkono wake.

"Siku hizi unauza na kitoweo humohumo?"

"Astaghfirullah. Nitolee hao."

"Mimi wateja wangu nimewaambia bajia hazina nyama." Alicheka, akazirudisha choroko taratibu, na akaondoka bila kununua. Ni ile taratibu yake iliyomuuma Mauza.

Alikwenda stoo mchana ule, akainua pindo la kanga. Kwanza aliona ukuta: vidoa vya kahawia vinapanda kwenye matofali kuelekea kwenye mwanga wa mlangoni. Halafu alisikia, kwa kuwa wachukuzi walikuwa wamekwenda kula na pamekuwa kimya, sauti nyembamba mno ndani ya gunia la kunde, kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili. Akaweka kiganja. Gunia lilikuwa na joto. Siyo joto la bati wala la chumba, bali joto lake lenyewe, kama la mtoto mwenye homa. Alibaki ameliwekea mkono. Mshono wa Agnesi ulikuwa pale juu, kitanzi kwa kitanzi, haujalegea popote, na kati ya nyuzi za katani chini yake wadudu walikuwa wakitoka mmoja mmoja bila haraka.

Hata hapo hakukata mshono. Alipiga simu Rombo, Allan akapokea, akasema Baba amelala. Mauza akamsalimia tu, akakata.

Anaeli alirudi mwenyewe, bila kutangaza, asubuhi moja, amekonda, na shati jeusi limefungwa mpaka shingoni. Walipeana mkono juu ya meza.

"Habari za nyumbani, Baba Allan."

"Nzuri. Yule mama aliyekupa sweta anasema ulirudishe, ni la mumewe."

"Nitalituma."

"Ametania. Amesema ukae nalo."

Kisha walikwenda Gerezani, na njiani Mauza alimweleza. Anaeli alisimama mbele ya gunia kwa muda. Mdudu mmoja alimpanda kwenye kifundo cha mkono, akamwacha apande.

"Hukuanika?" aliuliza.

"Sikugusa kitu. Nilisema mpaka urudi."

"Mimi huko kila siku walikuwa wananiuliza, mzigo wako nani anauangalia? Nikawa nasema, Bi Mauza yupo."

Alisema bila ukali. Mauza angependa aseme kwa ukali.

Maharage aliyaokoa. Aliyapandisha juu ya dari, akayaanika mwenyewe, akayachagua kwa mikono yake mizito isiyozoea ungo, akauza taratibu kwa bei ambazo Agnesi angezikataa. Lakini lile gunia la kunde hakulifungua. Ubeid alipomuuliza alisema kesho. Alipoulizwa tena alileta turubai la plastiki, akalizungushia, akalifunga kamba. Mchana soko likipoa alikuwa akienda stoo, anakaa kwenye kigoda cha mkewe mbele ya furushi lile, anakula chungwa, anaondoka. Mauza alielewa. Nguo za Agnesi dada zake walikuwa wamezigawana Rombo, kama desturi inavyotaka. Vyombo alikuwa ameviacha kwenye nyumba isiyo na dari. Mjini hapa, katika vitu vyote vya dunia, hiki kimoja ndicho mikono ya Agnesi ilikuwa imekifunga, na mtu hajaingia baada yake.

Na wadudu walizidi kutoka. Turubai halikuwazuia, lilikuwa na matundu yake. Mauza alianza kuona vidoa vyeupe juu ya choroko zake, vikavu, vimeng'ang'ania. Aliviosha, akaanika, akavipata tena. Gunia moja, kisha la pili, aliyatoa kimya kimya kwa wafuga kuku wa Tabata. Hakumwambia Anaeli. Alijiambia kuwa hilo ni lake, kalitaka mwenyewe alipofunga kanga.

Aliyesema alikuwa Ubeid. Bungua hali mchele, lakini mteja wake wa Kigamboni hakuwa na haja ya kujua bungua anakula nini. Mteja huyo alikuwa ameona mdudu anatembea juu ya mchele mweupe, akageuza mzigo mzima palepale Kivukoni kabla haujavuka.

"Mangi," Ubeid alisema mlangoni mwa stoo, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo kweli. "Mimi na wewe tumekula mihogo kwenye sahani moja. Agnesi alikuwa dada yangu. Lakini hilo gunia au mimi."

Anaeli alitazama viatu vyake.

"Nipe muda."

"Nimekupa. Wao hawanipi." Akaonyesha ukutani, wadudu walipokuwa wanapanda. Halafu akamgeukia Mauza. "Mwambie wewe. Mimi nimeshindwa. Mimi nikisema anasikia mchele."

Basi likawa ni jambo la Mauza. Alingoja mpaka Ubeid akaondoka. Akavuta debe akakaa, magoti yake karibu yaguse furushi.

"Baba Allan."

"Najua."

"Hujui. Choroko zangu zimekwisha. Nusu ya mbaazi nayo. Nilikuwa sitaki kukwambia."

Aliinua kichwa. Hilo lilikuwa limempata mahali ambapo Ubeid hakufika.

"Tangu lini?"

"Tangu hujarudi."

Anaeli alikaa na chungwa lake ambalo halijamenywa. "Alilichagua siku nzima," alisema mwishowe. "Mimi nikamwambia zinatosha, twende nyumbani, mvua inakuja. Akasema bado. Nikamwambia kunde ni kunde. Akanicheka." Alilizungusha chungwa kiganjani. "Nikilifungua, itakuwa hakuna tena kitu alichofunga."

Mauza aliweka kiganja juu ya turubai.

"Kesho," Anaeli alisema. "Lakini juu. Juani. Kama alivyofanya yeye."

Asubuhi yake walimwita Bushiri, mchukuzi wa guta aliyekuwa amebeba mizigo ya Agnesi miaka mingi, alipandishe gunia kwenye dari. Gunia la kunde la ujazo ule hubebwa na watu wawili na matusi. Bushiri aliinama, akalikumbatia, akajikaza kwa uzito anaoujua, na gunia likainuka naye kwa ghafla hata akayumba nyuma.

"Mbona jepesi hivi?" alisema, kisha akaona uso wa Anaeli, akapanda ngazi nalo.

Juu palikuwa na jua lote. Chini yao basi la mwendokasi lilipita, na upande wa Msimbazi muuzaji wa nguo alikuwa akiita kwa kipaza sauti. Walilivua gunia lile turubai, wakalitandaza. Anaeli alilisimamisha gunia, akatafuta mwanzo wa kamba. Mshono wa vitanzi una siri moja ambayo kila mshonaji anaijua: ukiuvuta kutoka mwisho unaofaa, unafumuka wote kwa mkupuo mmoja, kamba inabaki nzima mkononi. Ukiuvuta kutoka mwisho mwingine, unajifunga. Anaeli alivuta upande wa kulia. Kitanzi kikakaza. Akaenda kushoto, akavuta, kamba ikagoma vilevile, kwani fundo la kulia lilikuwa limeshavuruga safu.

"Upande gani?" alimuuliza Mauza.

"Sijui. Mimi nafunga masikio."

"Miaka yote hii nimeshika hapa," Anaeli alisema, "sikuwahi kutazama uzi. Nilikuwa namtazama yeye."

Walijaribu pamoja, vidole vyao vikigongana, Mauza kwa kucha, yeye kwa ncha ya funguo. Walitaka kamba ibaki nzima. Hakuna aliyesema, lakini wote wawili walilitaka hilo. Jua lilipanda. Mwishowe Anaeli alinyoosha mkono kwa Bushiri, na Bushiri akamwekea kisu kiganjani akatazama pembeni.

Kamba ilikatika kwa mlio mkavu. Mdomo wa gunia ukafunguka, na kwanza ilitoka pumzi ya joto yenye harufu ya unga uliooza, halafu wao, kahawia, wengi hata mgongo wa lile rundo ukawa unatembea. Mwanga ulipowapiga nusu yao waliruka, wakaenda zao juu ya mabati ya Gerezani. Nusu walikunja miguu wakajifanya wafu.

Anaeli alipiga magoti. Aliingiza mikono yote miwili mpaka viwikoni na kuinua. Kunde zilimpita vidoleni bila uzito, maganda, kila moja na dirisha lake la duara lililochongwa kwa ustadi, nyingine na madirisha mawili, matatu. Unga wa kijivu ulimfunika shati jeusi. Mauza alileta ungo. Hawakuambiana wanatafuta nini. Walikaa pande mbili za turubai wakipepeta na kuchagua, na kila walipopata punje isiyo na tundu waliiweka kwenye kifuniko cha ndoo. Hazikujaa hata kifuniko. Ubeid alikuwa amepanda ngazi nusu, amevua kofia, na kwa mara moja katika maisha yake hakuwa na mzaha.

Anaeli alichukua punje moja kati ya zile nzima. Ilikuwa nzuri, imejaa, na jicho lake jeusi. Akaiweka kati ya vidole gumba vyake viwili, akabana. Ilipasuka kirahisi. Ndani palikuwa na kitu cheupe, kimejikunja, kinangoja.

Akabana ya pili. Ya tatu. Kisha akaweka kifuniko chini.

"Zote," alisema.

"Ningeanika," Mauza alisema. Maneno yalimtoka kabla hajayapanga. "Baba Allan, ningeanika siku ileile niliyorudi, yasingefika hapa."

Anaeli alijifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa mtu mpole, na kwa muda Mauza alingoja upole huo uje umfunike kama lile sweta.

"Ndiyo," alisema. "Ungeanika."

Waliendelea kukaa. Kipaza sauti kule chini kilikuwa kinaita bei. Baada ya kitambo kirefu Anaeli aliongeza, kana kwamba ni sehemu ya sentensi ileile: "Na mimi ningerudi mapema. Sikutaka kuona meza bila yeye. Nikakaa huko nakunywa mbege ya watu."

Bushiri alikusanya yale maganda na ule unga, akavipeleka dampo kwa guta. Anaeli hakumfuata kutazama. Ubeid aliisafisha stoo yeye mwenyewe, akamwaga maji ya chumvi kwenye nyufa, akapaka chokaa ukuta ule wa mwisho mpaka ukang'aa kama wa zahanati. Alifanya hivyo kwa wema. Lakini ukuta ulipokauka, Anaeli alikuja akasimama mlangoni, akaona pale palipokuwa pake pamekuwa peupe na patupu, na jioni hiyo akampigia Allan simu kwamba anarudi nyumbani.

"Likizo?" Mauza alimuuliza kesho yake.

"Hapana, Bi Mauza. Kurudi."

"Utafanya nini huko?"

"Nyumba haina dari."

"Dari siyo kazi ya maisha."

"Nitaanzia hapo."

Meza yao aliichukua mtu wa vifuniko vya simu, ambaye hakujua kabisa nani alikaa hapo na hakuwa na sababu ya kujua. Mauza alimsindikiza Anaeli hadi kituo cha mwendokasi cha Gerezani, akapande la Mbezi, akaunganishe basi la Rombo. Alikuwa na begi moja na mfuko wa machungwa. Walisimama kwenye foleni katika ule msukumano wa asubuhi, na Mauza alitaka kusema neno la samahani ambalo limekuwa tayari tangu siku ile juu ya dari, lakini kila alipofungua mdomo mtu alipita katikati yao na furushi.

"Utakuja?" Anaeli aliuliza. "Kuna watu huko wanakuulizia. Wanasema Mwarabu wa Agnesi."

"Kule kuna baridi."

"Kuna baridi," alikubali. Halafu akasema, akitazama basi linalokuja: "Bi Mauza. Ile kanga yako. Nilipoiona imefungwa pale, nilijua kuna mtu Dar es Salaam bado ana msiba. Nilifurahi. Nilitaka ulijue hilo pia."

Milango ilifunguka, umati ukambeba. Mauza alimwona kichwa kimoja juu ya vingine, shingo imeinama kidogo kwa ajili ya paa, akitafuta mahali pa kushika. Kijana mmoja alisimama akampisha kiti. Anaeli alikaa, akaweka machungwa mapajani, na hakugeuka dirishani. Labda alidhani Mauza ameshaondoka. Basi likajaa, na watu bado walikuwa wanasukuma nyuma ya Mauza, ambaye miguu yake ilikuwa imesimama pale pale kwenye ukingo wa mstari wa njano.

"Mama," sauti ya msichana ilisema nyuma yake, bila ubaya, kwa haraka tu ya mtu anayechelewa kazini. "Unapanda au hupandi?"

Mauza akasogea pembeni.